Birika la moto: misimu miwili ya kuchoma pori mapema

Birika hili, kifaa cha kuchomea nyasi kwa matone ya mafuta yanayowaka, nalipatia nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua imepunguzwa na pete ya mpira ndogo kuliko sarafu ya shilingi mia mbili, na habari yake inakuja.

Lilipofika, boksi lilikuwa na jina refu la Kizungu, lakini vijana wetu walilibatiza siku hiyohiyo: birika. Ukiliona utawaelewa. Ni tangi la alumini la lita tano hivi, lina mkono wa kushikia, na mdomo mrefu kama wa birika la kahawa. Tofauti ni kwamba mdomo huu umejikunja duara moja kabla ya kufika nchani, na pale nchani pana utambi. Unajaza mafuta, unalegeza kitundu cha hewa, unawasha utambi, unaliinamisha, nalo linadondosha matone ya moto. Tone linatua kwenye nyasi likiwa bado linawaka, na linaendelea kuwaka pale chini kwa muda wa kutosha kuikausha nyasi iliyo jirani nalo. Kazi yake ni hiyo tu.

Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji, VGS kama tunavyoitwa, katika WMA moja (eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji) kusini mwa Sikonge, mkoa wa Tabora. Mafunzo nilipata Likuyu Sekamaganga, kule Namtumbo. Huu ni mwaka wangu wa tisa porini, na katika miaka hiyo hakuna jambo lililonikosesha usingizi kama moto. Majangili wanaumiza sana, lakini jangili ana nyayo na unaweza kumfuata. Moto kichaa wa Septemba unapita usiku mmoja, na asubuhi hujui hata uanze kumlaumu nani.

Kwa asiyelijua pori la miombo, yaani pori la miti iliyoachana na nyasi chini yake, niseme kidogo. Mvua zetu zinakatika Aprili. Kufikia hapo nyasi zimempita mtu kichwa, na kuanzia Mei zinakauka polepole kutoka juu kwenda chini. Zitaungua, iwe isiwe. Kuna mkulima anayesafisha shamba la tumbaku, kuna mrina asali aliyeacha mwenge, kuna mfugaji anayetaka majani mapya, kuna mwindaji anayetaka kuona mbali. Swali la kuchoma au kutochoma kwetu halipo. Lililopo ni lini, na nani ameshika moto.

Moto wa Mei na Juni ni mfupi. Unatambaa, unaruka sehemu zenye unyevu, unaacha visiwa vya nyasi, na umande wa usiku unauzima. Moto wa Septemba na Oktoba unakuta kila kitu kimekauka, na unakuta miyombo imeshachipua majani mapya, maana miti hii haingoji mvua ndipo ivae. Unapanda, unababua machipukizi, unaua miche ya mninga iliyofika magotini, unashusha mizinga. Mwalimu wetu Likuyu alitueleza majaribio yaliyoanzishwa karibu na Ndola, Zambia, mwaka 1933. Pori lilelile lilikatwa vipande. Kimoja kikachomwa mapema kila mwaka, kingine kikachomwa mwishoni mwa kiangazi, kingine kikalindwa kisiungue kabisa. Kile cha moto wa mwisho kikaja kuwa uwanja wa nyasi. Kile kilicholindwa kikafunga kuwa msitu mzito. Cha moto wa mapema kikabaki miombo.

Tena hili halikuhitaji kusubiri Zambia. Jirani zetu wa Shinyanga walikuwa na Swynnerton, Mwingereza aliyeongoza utafiti wa mbung'o enzi za Tanganyika. Yeye alitaka kufuta vichaka wanamokaa mbung'o, na njia mojawapo aliyoitumia ni kuwakataza watu kuchoma nyasi mapema, zikae mpaka ukali wa kiangazi, kisha zichomwe kwa pamoja ili moto uwe mkali wa kuua vichaka. Alijua vizuri kabisa moto wa mwisho unafanya nini. Sisi tunataka kinyume chake: palahala na korongo, wanyama wa jamii ya swala, wapate majani mabichi Julai, na miti ibaki. (Korongo ninayemsema ni yule mnyama mkubwa mwenye pembe zilizorudi nyuma, si ndege wala si bonde.)

Sasa birika linaingia wapi?

Kabla yake tulichoma kwa kiberiti, kwa vitita vya nyasi kavu, kwa vipande vya tairi vilivyochomekwa kwenye fimbo, na kwa mavi makavu ya tembo, ambayo yanashika moto vizuri na kufuka muda mrefu. Vyote vinawasha nyasi iliyokauka. Lakini mwezi Mei nyasi haijakauka. Juu ni rangi ya simba, chini kwenye shina bado kijani. Unachuchumaa, unapuliza, moshi unakujaa machoni, moto unashika hatua mbili tatu unakufa. Unasogea, unachuchumaa tena. Nakumbuka mwaka mmoja watu kumi na wawili tulimaliza siku nzima kwa kipande kisichofika kilomita. Wazee wa kamati wakasema tuache, turudi Julai. Julai tukarudi, kiberiti kimoja kikatosha, na moto ukaenda mpaka tulipotaka na ukapitiliza siku tatu zaidi.

Ndipo nilipoelewa kwamba kiberiti ndicho kilichokuwa kinatuchagulia tarehe. Tulidhani tunapanga sisi, kumbe tunasubiri siku ambayo pori limekauka kiasi cha kushika moto kwa njiti, na siku hiyo tayari limekauka kupita kiasi. Birika limetupa karibu wiki tano ambazo hatukuwa nazo. Kama ungeniambia niseme neno moja tu juu ya kifaa hiki, ni hilo.

Haya, pete ya mpira. Kitundu cha hewa kiko kwenye kifuniko, na kimezungushiwa pete ndogo ili ukiinamisha tangi mafuta yasitoke pale. Ya kwetu ilikuja na ufa. Hatukuiona dukani, hatukuiona siku ya kujaribu kwa maji. Tuliiona siku ya kwanza porini, nilipohisi glavu ya mkono wa kulia imekuwa nzito na baridi. Kuangalia, mafuta yanatiririka kutoka kwenye kifuniko, yanashuka ubavuni mwa tangi, yananijia kwenye vidole, na mwali uko hatua moja tu mbele yangu. Nililisimamisha birika wima, nikalitua kwenye udongo mtupu, nikaufunika utambi kwa mchanga, nikavua glavu nikaitupa mbali. Nilikaa chini kwa muda. Nina watoto watatu.

Duka la Dar es Salaam lililotuuzia tulilipigia mara tatu. Mara ya tatu wakasema vifaa vya moto vikishatumika havirudishwi, na pete peke yake hawauzi. Tulikata nyingine kutoka tyubu ya baiskeli, ikavimba siku ya pili kwa sababu petroli inakula mpira wa aina ile. Aliyetuokoa ni fundi wa bodaboda pale Sikonge. Aliiangalia, akafungua kopo lake la vikorokoro, akatoa oringi ya kabureta, akaibonyeza ikakaa. Shilingi elfu moja. Imemaliza misimu miwili. Kwa hiyo ukinunua birika, la kampuni yoyote, siku hiyohiyo peleka kifuniko kwa fundi pikipiki ukachukue oringi tatu za akiba. Na usilijaribu kwa maji ukaridhika. Lijaze mchanganyiko wenyewe, ukiwa mbali na moto wowote, uliinamishe dakika tano juu ya karatasi kavu. Karatasi itakuambia.

Mchanganyiko wetu ni dizeli tatu kwa petroli moja: kwenye dumu la lita ishirini, dizeli kumi na tano, petroli tano. Dizeli ndiyo inayoubeba moto mpaka chini na kukaa nao; petroli inasaidia kushika. Kukiwa na unyevu kuna kishawishi cha kuongeza petroli, na vijana watakuambia inawaka vizuri zaidi. Wakatalie. Petroli ikizidi, tone linaungulia hewani kabla halijafika chini, na mvuke ndani ya tangi unakuwa kitu kingine. Lile duara kwenye mdomo halikuwekwa kwa urembo. Mafuta yanabaki pale kwenye mkunjo na kuzuia mwali usirudi tangini. Mtu aliyekunjua mdomo ili mafuta yapite haraka, kama nilivyosikia wamefanya mahali, ameondoa mlango wa nyumba.

Tangi moja linatutosha kama saa moja ya kutembea polepole. Likijaa, mkono unachoka baada ya dakika ishirini, basi tunapokezana. Bei ilizidi laki sita, usafiri mbali, na kwa WMA yetu hizo si pesa ndogo. Tulizitoa kwenye mgawo wa uwindaji wa kitalii baada ya mikutano miwili ya kubishana. Mafuta ya msimu uliopita yalikuwa lita themanini. Ukilinganisha na posho za watu kumi na wawili kuchuchumaa wiki tatu, hesabu inajieleza.

Sasa nikupeleke kwenye siku yenyewe, maana kifaa hiki huwezi kukielewa kikiwa dukani.

Ilikuwa Jumanne, mwanzoni mwa Juni. Kibali kiko mfukoni, vijiji vyote viwili vimetangaziwa, wafugaji wameshatoa ng'ombe. Barabara ya kuzuia moto tulikwisha kuifyeka na kuparura kwa jembe. Asubuhi nilifanya kile ninachofanya kila siku ya kuchoma: nilivunja mashina ya nyasi sehemu tano tofauti, mwinukoni, bondeni, kivulini, penye jua, na kando ya mbuga, ule uwanda wa nyasi unaokaa na unyevu. Shina likipinda bila kukatika, bado. Likikatika kwa sauti kama kijiti, umechelewa. Ninalolitaka ni lile linalokatika juu na kupinda chini. Siku ile nililipata sehemu nne kati ya tano. Ile ya mbugani ilikuwa bado mbichi, na hilo ni zuri, maana mbuga yenyewe ikawa ukuta wetu upande wa magharibi.

Tulipofika kwenye mti wa kuanzia tukamkuta mzee mmoja mrina asali. Ana mizinga ya magome zaidi ya arobaini katika eneo lile, na kwenye mikutano yote miwili alikuwa upande wa wasiotaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndilo dude lenyewe hilo?"

"Ndilo, baba."

Akalizunguka. Akanusa mdomo wake. "Linazima pia?"

"Halizimi, baba. Linawasha tu."

"Basi mimi nitatangulia."

Na alitangulia kweli. Alivunja tawi bichi la mtundu akalifanya ufagio, akawa anakwenda mbele yetu mti kwa mti. Kila penye mzinga anafagia majani chini ya shina mpaka udongo unaonekana, duara la hatua tatu, kisha anainua mkono ndipo tusogee. Tulipoteza saa mbili. Sijawahi kupoteza saa mbili kwa faida kubwa kiasi hicho. Hakuna mzinga hata mmoja ulioungua, na siku hizi kwenye mkutano yeye ndiye anayeuliza tarehe.

Tuliwasha saa tisa na nusu alasiri. Kwanza kipande kidogo cha majaribio, ukubwa wa sebule, ili kuona moshi unaelekea wapi na mwali unafika wapi. Ulifika magotini. Tukaanza upande ambao upepo unaelekea, ili moto ule nyasi polepole ukirudi dhidi ya upepo na kutuachia mkanda mweusi wa usalama. Mkanda ulipofika upana wa barabara ndipo tukaingia ndani na kuanza nukta. Unadondosha matone matatu, unainua birika, unatembea hatua thelathini, unadondosha tena. Kila nukta inakua kuwa duara, maduara yanasogeleana, mengine yanakutana, mengine yanafia njiani penye kijani. Katikati yanabaki madoa ambayo hayakuguswa. Madoa hayo ndiyo tunayoyataka kuliko hata sehemu iliyoungua.

Sauti yake haifanani na ya moto wa Septemba. Ule unanguruma. Huu unatafuna. Keremkerem walikuja wengi, wekundu kwenye moshi mweupe, wakidaka panzi mbele ya mwali, na mwewe juu yao. Saa moja jioni tulikuwa tumemaliza na tumekaa kwenye mkanda mweusi tunakula ugali baridi. Saa nne usiku umande ulikuwa umelowesha shati langu, na katika bonde lote nilihesabu magogo sita tu yanayofuka. Tukayamwagia maji kwa mabomba ya mgongoni, yaleyale ya kupulizia dawa ya tumbaku, tukaenda kulala. Kulala, baada ya kuchoma! Aliyewahi kufukuza moto wa Oktoba siku tatu na tawi mkononi atanielewa.

Siku ya tisa nilirudi. Kando ya mbuga, kutoka kwenye mashina meusi yaliyoonekana yamekufa, vilikuwa vimetoka vichipukizi vya kijani urefu wa kucha. Nyasi hizi za kudumu akiba yake iko mizizini, na udongo wa Juni bado una maji. Ndiyo maana kuchoma mapema kunaleta majani, na kuchoma mwishoni kunaleta vumbi. Kongoni walikuwa wa kwanza. Wiki ya tatu nikaona palahala kumi na nne, dume jeusi tii likiwa pembeni peke yake, vichwa chini, hawana haraka. Miaka ya nyuma kundi lile Julai tulikuwa hatulioni, lilikuwa linashuka kuelekea mto Ugalla na kwenda kukutana na wenye mitego.

Kuna watu, tena wasomi, wanaoniuliza kwa nini tusiiache hifadhi ipumzike bila moto wowote. Huwa nawaambia waende Ngorongoro. Ndani ya kreta, baada ya Wamasai kuondolewa kukaa mle mwaka 1974, uchomaji ulisimama kwa miaka mingi. Nyasi zikawa ndefu na ngumu, kupe wakaongezeka. Ulipokuja ukame wa mwaka 2000, mamia ya nyati walikufa, na vifaru wakafa wakiwa na ugonjwa wa kupe. Kuanzia mwaka 2001 mamlaka ikarudisha moto wa kupangwa, kipande baada ya kipande, na sehemu zilizochomwa zikaonekana kuwa na kupe wachache kuliko zisizochomwa. Kuacha pori bila moto nako ni uamuzi, na una gharama zake kama uamuzi mwingine wowote.

Lakini nimeapa kusema yote, kwa hiyo na hili niliseme. Birika ni rahisi mno. Kiberiti kilikuwa kinatuchosha, na kuchoka kulikuwa breki. Msimu wa pili, siku ya tatu ya kuchoma, kijana aliyekuwa amelishika alitembea karibu mita mia sita bila kuliinua. Badala ya nukta akachora mstari. Mimi nilikuwa nyuma ya kichuguu naongea kwenye simu ya upepo, sikuona. Upepo ukageuka kidogo tu. Mstari wake ukakutana na ule tuliokwisha kuuwasha, mioto miwili ikavutana, mwali ukapanda kupita kichwa cha mtu na kuingia kwenye kichaka cha kijito, mahali ambapo pongo wanajificha, mahali ambapo nilikuwa nimeweka alama kwenye ramani kwa kalamu nyekundu kwamba pasiguswe.

Asubuhi yake niliingia mle. Nilikuta kobe mkubwa, gamba limepasuka kwa joto, madoa yake ya manjano yamekuwa meupe kama chokaa. Alikuwa ameelekea majini. Kutoka alipokuwa mpaka kwenye maji nilipiga hatua kumi na moja. Nilimgeuza, nikamrudisha kama alivyokuwa, nikakaa naye kidogo. Mita chache mbele kiota cha kwale, mayai manne yamepasuka. Kwale huwa bado wanaatamia wakati wetu wa kuchoma, na hilo ni deni la moto wa mapema ambalo hata siku nzuri hatuwezi kulifuta lote. Tunaweza kulipunguza kwa kuacha madoa mengi, na siku ile hatukuacha.

Sasa tuna sheria zetu wenyewe, na ningependa ziandikwe kwenye boksi la kila birika. Aliyelishika anahesabu hatua kwa sauti, mwingine asikie. Nyuma yake kuna mtu mwenye bomba la maji la lita ishirini, na mtu huyo ndiye mwenye amri ya kusema "inua". Hakuna kuzidi theluthi moja ya eneo kwa msimu, ili tohe na wengine wanaojificha kwenye nyasi ndefu wasikose pa kulala. Kichaka cha mto kinafyekewa kinga siku mbili kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Na hakuna mtu anayekuja na jezi ya mpira wa miguu. Jezi zile za nailoni zikipata cheche zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Shati la pamba, suruali ya kaki, buti za ngozi, glavu za ngozi, kofia. Wawili waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya jezi walinuna, siku iliyofuata wakaja na mashati ya shule ya kaka zao.

Nani anunue? WMA, misitu ya hifadhi ya vijiji, vitalu vya uwindaji, na kikundi chochote chenye ramani, kibali na watu wa kuzima. Kwa mkulima mmoja mwenye ekari tano sipendekezi hata kidogo. Afyeke, arundike, achome marundo kwa kiberiti chake jioni. Na kibali si karatasi ya kujipamba. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu yake nzima inayohusu moto, na kuchoma pori bila ruhusa ni kosa, hata kama nia yako ni palahala. Kama pesa zenu zinatosha kitu kimoja tu, nunueni kwanza mabomba manne ya maji. Birika lisubiri mwaka unaofuata. Lile swali la mzee pale kwenye mti, linazima pia, ndilo ninalomuuliza kila anayenipigia simu kutaka bei.

Utunzaji wake ni mwepesi. Mwisho wa siku unamwaga mafuta yote, unafungua mdomo, unaugeuza na kuuingiza ndani ya tangi, unakaza kifuniko. Utambi unabadilishwa ukianza kuwa mgumu kama mkaa. Wa kwetu umebadilishwa mara moja. Alumini imepata mbonyeo mmoja baada ya kuanguka kutoka kwenye pikipiki, haivuji. Mkono wa kushikia ni imara kuliko nilivyotarajia. Ningependa tu ungefunikwa kitu kisichopitisha joto, maana baada ya tangi la pili unaanza kuuma hata ndani ya glavu.

Leo asubuhi nimeshuka mbugani kuvunja mashina. Mwinukoni yamekatika juu na kupinda chini. Bondeni yote yamepinda. Tutasubiri wiki moja hivi. Kichaka cha kijito tumeshakifyekea kinga pande zote tatu, upana wa hatua nane, na mzee wa mizinga jana alipita nyumbani kunionyesha ufagio mpya, wa mpini mrefu safari hii, ili asiiname.